Nyumba Niliyoijenga Bondeni Bila Kujua

Nina miaka thelathini na sita. Nalea watoto wa familia moja huku Umm Salal, nje kidogo ya Doha. Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu. Wazazi wetu walichukuliwa na mafuriko kule Dar es Salaam, katika bonde tulilozaliwa, na hatukupata hata mwili wa kuzika. Nikaacha shule darasa la sita ili wadogo zangu, Rajabu na Zuhura, wapate kula.

Baada ya msiba tulipewa kiwanja mlimani, mbali na maji. Ndicho kilichonileta Uarabuni. Kila mshahara nilimtumia Rajabu ajenge pale, naye akinitumia picha... msingi, kuta, mlango wa mbele. Ijumaa nikikutana na wenzangu mtaa wa Najma, nilikuwa nawaonyesha picha hizo kama mama anayeonyesha watoto wake.

Mwaka huu bosi wangu, ambaye ni injinia, alialikwa Japani kuona mji wa pwani uliojengwa upya baada ya bahari kuumeza. Alikwenda na familia yake, nami nikaenda na watoto.

Ndugu zangu, sikujua kama ugenini kunaweza kuniliza vile. Pale chini, karibu na bahari, hakuna nyumba hata moja. Ni majani tu, na ukuta wa mawe wenye majina ya waliokufa. Bibi mmoja alikuwa akifuta jina kwa kitambaa, taratibu, kama unavyomfuta mtoto uso. Madamu, mke wa bosi, akanieleza kwa Kiarabu kwamba watu wote walihamia juu kilimani. Hapa halali mtu tena.

Nikampigia Rajabu kwa video, aone wenzetu walivyofanya.

Alitazama, akacheka kidogo. "Wajapani wana hela, dada."

Lakini sikuwa namsikia tena. Nyuma ya bega lake niliona lile daraja la bondeni lililokatika siku wazazi wetu walipokufa...

"Rajabu, uko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Akasema, "Kile kiwanja niliuza, dada. Mlimani kule nani atapanda kununua chipsi zangu? Hapa ndipo kwetu. Mama mwenyewe yuko hapa."

Kumbe picha zote zilikuwa za kuta! Sikuwahi kuomba nionyeshwe ardhi.

Nimerudi Doha. Nimebembeleza, nimegomba, nimewapigia wajomba. Zuhura naye anaishi mle na mtoto wake mchanga. Masika yalipoanza, maji yalifika madirishani, majirani wakawatoa juu ya paa. Nikadhani sasa Rajabu ataelewa. Maji yalipokauka alipaka rangi, akawarudisha ndani.

"Si tumepona, dada?" ndivyo alivyoniambia.

Mkataba wangu haujaisha. Siwezi kwenda kuwashika mkono na kuwatoa.

Juzi ameniomba mabati. Paa limeharibika na mtoto wa Zuhura ananyeshewa. Nikituma, nawaezekea kaburi. Nisipotuma, kichanga kinalala kwenye maji. Mngekuwa mimi mngefanya nini?

Wenzangu mnaojenga mkiwa mbali, nawasihi, msiridhike na picha ya tofali. Mtumeni mtu asimame pale kiwanjani, awaonyeshe mto uko wapi. Fanyeni hivyo kabla ya msingi, maana nyumba ikishasimama, hakuna atakayewasikiliza.

Mimi nimechelewa... Mabati nimeyatuma jana.