Abiria wa Kiti cha Kushoto

Kilichoanza kumtatiza fundi ni taa ya mkanda. Gari lilikuwa tupu, milango imefungwa, yeye mwenyewe amekaa nyuma ya usukani, na bado kwenye dashibodi kijitaa chekundu cha abiria kilikuwa kikiwaka na kuzima, kikiwaka na kuzima, kana kwamba kushoto kwake kuna mtu anayekumbushwa ajifunge.

Fundi huyo walimwita Waya, kwa kuwa kazi yake ilikuwa umeme wa magari, na kwa kuwa alikuwa mwembamba vilevile. Gereji yake ilikuwa uani, nyuma ya chumba alicholala. Tangu mkewe afariki, chumba kile kilikuwa cha kulazia mbavu tu. Chai aliinywa gereji, chakula alikila gereji, tena wima, sufuria ikiwa juu ya boneti la gari la mtu.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la zamani, lililoletwa kutoka Japani baada ya wenzetu wa huko kulitumia na kulichoka. Mwenye nalo alikuwa mkunga mstaafu, mjane, mama wa maneno machache. Alisema taa ya injini haizimi na ya mkanda haizimi, akakabidhi funguo, akaongeza kwamba anakwenda kukaa kwa mwanawe kwa muda. Waya akamtoa wasiwasi, akamwambia kwanza atasoma kodi. Mama akauliza kama siku hizi hata magari yanalipa kodi. Waya akacheka, akamweleza kuwa hizo ni namba ambazo kompyuta ya gari huziweka inapoona hitilafu, na kila namba ina ugonjwa wake. Yule mama hakucheka. Aliuliza tu kama namba hizo huwa zinasema uongo.

Baada ya yeye kuondoka, Waya alichomeka mashine yake ya kusomea kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akawasha swichi. Redio ikafunguka kwa sauti ya mwanamke akisema jambo kwa Kijapani, kwa adabu, kama yalivyo magari mengi ya namna ile, kisha ikanyamaza. Kwenye kioo cha mashine zikatokea kodi mbili. Moja ilikuwa ya sensa ya ekzosi, kile kifaa kinachonusa moshi wa injini, ugonjwa wa kawaida wa uzee. Akabadilisha sensa, taa ya injini ikazima. Ya pili ilikuwa ya kiti cha abiria.

Ndani ya kiti kile mlikuwa na sensa ya uzito, ili gari lijue kama kuna mtu. Waya akasafisha plagi yake, akafuta kodi. Ikarudi. Akatia sensa nyingine. Ikarudi. Mwishowe akachomoa waya wa kiti, akaushika mkononi, akasoma upya. Mashine ilipaswa kusema kwamba haioni kiti chochote. Badala yake ilisema kuna mtu mzima, amekaa, hajafunga mkanda.

Waya akanyoosha mkono, akagusa kiti. Kitambaa kilikuwa kimebonyea, na kilikuwa na joto. Harufu ya nywele zilizoloa mvua ikampanda puani, ilhali nje jua lilikuwa la utosi.

Alishuka taratibu, bila kugeuka, kama mtu anayempita mbwa asiyemjua. Siku ile hakuligusa tena. Asubuhi alijipa moyo kwamba ni shoti tu, shoti haikosi pa kujificha. Akampigia simu mkunga, haikupokelewa. Akaingia garini, akazungusha ufunguo, redio ikafunguka.

"Leo umechelewa," ikasema.

Ilikuwa sauti ileile ya mwanamke wa redio, yenye adabu ileile, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha mtu wa nyumbani. Mkono wa Waya ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Lakini tuseme kweli, haikuwa hofu peke yake iliyomgandisha pale. Ni muda mrefu hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba amechelewa.

"Nilipitiwa na usingizi," akajibu.

Basi hapo ndipo alipofungua mlango asioujua. Kuanzia siku ile kila asubuhi alianzia kazi ndani ya gari lile, na kila asubuhi alikawia zaidi kutoka. Sauti ilimuuliza amekula nini, mgongo umeamkaje. Alihamishia chai yake humo, kisha chakula, kisha mto wa kulalia. Wateja walikuta magari yao yamefunguliwa matumbo na hayajafungwa, wakayavuta kwa kamba kuyapeleka kwingine. Waya hakujali. Kuna wakati alitaka kushuka akachukue maji, kufuli za milango zikajifunga zote kwa pamoja, na sauti ikamwambia, kwa upole, asishuke. Akabaki na kiu yake.

Dada yake, mshonaji nguo, ndiye aliyemkuta. Alikuja mchana, mvua ikinyesha, na chakula kwenye hotipoti. Akamwona kaka yake kupitia kioo kilichojaa ukungu, mashavu yamemwingia, anacheka na upande wa kushoto, mapajani ana sahani moja na ya pili iko juu ya dashibodi. Akamwita. Waya hakugeuka. Basi yule dada akazunguka gari, na mlango wa kushoto ukamfungukia kirahisi, akainama aingie akae karibu na nduguye amshike mkono, huku harufu ya nywele mbichi ikimjaa puani naye akidhani ni mvua, akajishusha akitegemea kitambaa cha kiti, na hakukifikia kiti, kwa sababu alikaa juu ya mapaja, mapaja ya mtu, membamba na ya moto, yaliyosogea kidogo chini yake ili kumpokea vizuri.

Hotipoti ilibaki matopeni. Dada aliruka nje, akazunguka, akamvuta kaka yake kwa kola mpaka vifungo vikakatika.

Kesho yake alirudi na mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiwatibu watu wenye mashetani. Mganga yule hakuwa na mbwembwe. Alisimama mbali na gari, akanusa, akamuuliza Waya nani aliyemkaribisha. Waya akasema hakuna, alikuja na gari. Mganga akangoja. Waya akainamisha kichwa, akasema, "Nilimjibu."

"Basi mimi siwezi kumtoa," mganga akamwambia. "Jini hatolewi na mgeni huku mwenyeji anampakulia. Mpeleke mahali pasipo na mtu, mfungulie mlango, mwambie ashuke. Usimuage. Na asiposhuka, usirudie kumwambia, shuka wewe uende, gari uliache."

Waya aliondoka na gari peke yake, jioni ikianza kuingia, kuelekea machimbo ya mawe yaliyoachwa nje ya mji. Njia nzima sauti haikusema kitu, taa ya mkanda ikiwaka na kuzima, na Waya akaendesha macho mbele, akisikia kushoto kwake pumzi inayovuta anapovuta na kutoa anapotoa, akijua bila kutazama kwamba anaangaliwa tangu walipotoka, mpaka kokoto zikaanza kulia chini ya matairi, akasimama, akapitisha mkono mbele ya kile kiti bila kupumua, akausukuma mlango ukafunguka.

"Shuka."

Sauti ikaja karibu na sikio, haikutoka redioni.

"Na wewe utakula na nani?"

Machozi yalimtoka Waya kama maji. Alibaki ameshikilia usukani kwa mkono mmoja, hakurudia neno, mkono mwingine ukaanza kutafuta kitasa cha mlango wake mwenyewe. Ndipo springi za kiti zikalia, kitambaa kikainuka, na kokoto nje zikakwaruza, hatua nyepesi, zikaenda zikipungua. Hakutazama. Alirudi na mlango ukipigapiga njia nzima, na alipochomeka mashine, haikuwa na kodi hata moja.

Alikuwa ameanza kupata wateja tena mkunga alipotokea na mkoba wake. Waya akampa funguo, akamwambia gari limepona. Yule mama akaingia, akaweka kiganja kwenye kiti cha kushoto, akakiacha hapo muda.

"Umemshusha wapi?" akauliza.

Mama akaeleza, polepole, kwamba mwanzo alikuwa anamwogopa, ndiyo maana alikimbia. Lakini kwa mwanawe nyumba imejaa watu, kelele tele, na hakuna aliyewahi kuona kama yeye yupo au hayupo.

"Niambie tu, mwanangu."

Waya akanyoosha kidole kuelekea relini, upande usio wa machimbo. Mama akashukuru, akaondoa gari. Barabara ile ilikuwa imenyooka, Waya akamwona mpaka mbali. Kila penye njia panda alisimama, akaufungua mlango wa kushoto, akangoja, akaufunga, akaenda mbele.

Gari lilipopotea, Waya aliingia ndani, akampigia simu dada yake. Alimwomba aje amchukue akakae kwake, tena aje sasa hivi, maana kwamba abiria yule yuko machimboni alijua yeye peke yake, na miguu yake hakuiamini.