Mchoro Wangu Ulibeba Jina la Dada

Nina miaka ishirini na sita, nina diploma ya takwimu, na dada yangu hanisemeshi tena. Ndugu wasomaji, someni haya kabla hamjanihukumu...

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikishafunga mlango, narudi kuusukuma mara tatu. Kwa hiyo nilipopata kazi ya takwimu kwenye kituo kimoja cha afya huku Walikale, mashariki mwa Kongo, nilijua nimefika mahali pangu.

Katika jedwali langu mlikuwa na majina ya wanaokunywa dawa za Ukimwi. La nne lilikuwa la Furaha, dada yangu mkubwa, aliyelima maharagwe ili mimi nisome. Mbuzi wa mahari walikuwa wameshafika kwetu kutoka Masisi. Dada alipojua nimeliona jina lake, alinisihi ninyamaze hadi Jumapili, siku ya kwenda kwa padri, ili amwambie mchumba wake Bahati yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Niliapa.

Juma lilelile mkubwa wangu wa kazi alitaka bango: nguzo za rangi za kuonyesha idadi ya wagonjwa, bila jina hata moja. Mimi sijui kuchora. Justin, rafiki yangu wa chuo na binamu wa Bahati, anaijua programu ya kuchorea. Nilimtumia mchoro wa nguzo ambao kompyuta iliutoa kwenye jedwali, kama picha. Akalalamika kwamba rangi hazibadiliki na maandishi yana ukungu. Akaniambia niunakili kutoka kwenye jedwali, niubandike mzima kwenye faili la bango.

Nikafanya. Kabla ya kumtumia nilikagua rangi, herufi, hata nafasi kati ya nguzo... mara saba! Nani angeniambia kwamba mchoro ukibandikwa hivyo unabeba jedwali lote tumboni? Kwamba ukiubonyeza mara mbili, majina yote yanafunguka?

Justin alibonyeza.

Ijumaa shangazi wawili wa Bahati walifika nyumbani kwetu. Walikataa viti. Mmoja alifungua kamba za mbuzi. Mwenzake alisoma kwenye simu, majirani wakisikia, jina la dada yangu, umri wake, dawa zake... Bahati mwenyewe hakuja.

Nilimwendea Justin. Hata hakuinuka.

— Kaka, mie sikuiba kitu. Njo wewe mwenyewe ulinitumia.



Furaha alifunga nguo zake ndani ya kitenge. Nilimfuata hadi barabarani nikieleza habari za programu na kubandika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

— Kila kitu unakiangaliaka mara saba, mudogo wangu. Mimi tu njo haukuniangalia.

Akapanda pikipiki ya kwenda Sake. Simu yake haipatikani tangu siku hiyo.

Kazi niliachishwa, na ilikuwa haki. Wengi wa orodha ile hawaji tena kuchukua dawa. Wanaogopa kuonekana mlangoni. Lakini bango lilichapishwa! Liko ukutani, nguzo zimenyooka, hakuna kosa hata moja.

Ninyi mnaofanya kazi na kompyuta, nawasihi: bandikeni picha tu, hata ikiwa na ukungu. Na kabla ya kutuma, bonyezeni wenyewe kwanza.

Mimi nilichelewa. Furaha alisahau dawa zake juu ya kabati. Kila asubuhi, saa yake ya kuzinywa ikifika, nazihesabu... halafu nazihesabu tena.