Nani Anavuta?

Barua za Loveday zilianza kulowa. Mumewe, seremala Eli Pascoe, alizikunja ndani ya kitambaa cha tanga na kuzifungia sandukuni, na sanduku lenyewe kavu kabisa. Lakini kila alipolifungua alikuta maji ya chumvi yamekula neno moja tu, jina la mkewe.

Kosa lilikuwa lake, sitamtetea. Manowari Corisande ilikuwa na sanamu ya mwanamke wa mbao omoni, mbele kabisa ya meli, na kazi ya seremala ni kumpaka rangi ile ile aliyoikuta. Eli, kwa kumkumbuka mkewe, akampaka macho ya kijivu ya Loveday. Miaka mitatu akawa anamfuta chumvi usoni, akimwita "mpenzi". Jini wa watu aliyekaa ndani ya mbao ile angejuaje kuwa anataniwa?

Siku ya kushika njia ya kwao, bandari ya Devonport, walizima moto wa injini, wakainua rafadha, ile panga inayosukuma meli, kutoka majini, wakatweka matanga yote. Jabez, mchochea makaa, akapaza sauti kama wafanyavyo mabaharia wote wanaorudi kwao.

"Wake zetu wameshika kamba, jamani! Wanatuvuta! Eli, huyo Loveday wako ana mikono ya fahali!"

Corisande ikasimama. Mchana kweupe, matanga yamejaa hadi milingoti inalia, meli haisogei hata shubiri, na kutoka omoni ikaja harufu ya rangi mbichi, ilhali hakuna aliyefungua kopo tangu Bermuda, kisha sauti ya kike ikapita ndani ya mbao, chini ya nyayo za kila mtu, ikiuliza taratibu kama mke anayelijua jibu: "Nani anavuta?"

Wakashusha rafadha, wakawasha moto. Siku tatu rafadha ilizunguka bure.

"Mwambie huna mke," Jabez alinong'ona. "Makaa yanaisha, na maji ya bahari tunayageuza ya kunywa kwa makaa hayo hayo."

"Nina mke, Jabez. Nina mtoto sijamwona."

"Utamwonaje ukifia hapa, ndugu yangu?"

Eli akaenda omoni, akalishika lile shavu la mbao, akalia kwa uchungu. "Sina mke," alisema. "Sijapata kuwa na mke. Ni wewe tu."

Meli ikachomoka kwa kasi.

Siku mbili baadaye, gatini Devonport, Loveday alikuwa amesimama mbele ya wenzake, mtoto kiunoni. Eli akamkimbilia, mikono wazi. Yeye akarudi nyuma, akamkumbatia mtoto.

"Samahani, kaka," alisema kwa upole. "Kuna mtu nimekuja kumpokea. Tangu juzi najaribu kukumbuka ni nani."