Kibangwa cha Shangazi Eustadia

Mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, rafiki yetu Justus, mwalimu wa chuo kikuu, alikwenda Ntalikwa, bara mbali na pwani, kumwomba shangazi yake Eustadia kibangwa akakichunguze, kipande cha gamba la konokono wa baharini alichovaa babu yao mtemi.

"Thubutu! Ukikigusa, mimi na wewe basi."

Shangazi alipotoka kuteka maji, Justus akamega kipande cha ukingo wake kwa koleo, akaondoka nacho.

Chuoni, ndani ya chumba cha giza, darubini ya elektroni ikiunguruma, alipiga picha fuwele za kile kipande: tabaka juu ya tabaka, la mwisho limevunjika. Kesho yake lilikuwa limefunikwa na jipya.

Akarudi Ntalikwa mbio. Shangazi hakuitikia shikamoo yake, alimsukumia tu kasha la kibangwa. Ndani kitu kilikuwa kikikwaruza. Justus akaingiza mkono, akapapasa: ukingo alioumega ulikuwa mzima, tena umelowa. Akalamba kidole. Maji ya bahari.