Pua Iliyobaki Koridoni

"Mimi si kipofu, Mwalimu! Nimemsalimia vizuri, kanitazama usoni, halafu kanipita kama mimi nguzo ya umeme!"

"Na mimi nakwambia binti yule kasafiri. Mwenyewe ameniachia maua yake nimwagilie."

"Kasafiri, pua kaiacha hapa?"

Majirani waliochungulia milangoni wakacheka. Mama Redio hakucheka. Jengo zima lilimwita hivyo kwa sababu habari ikimfikia yeye, imeshafika mpaka kwa mlinzi wa geti. Alisimama na beseni la nguo kiunoni, kitambaa cha kichwa kimelegea, na safari hii sauti yake ilikuwa na kitu kigeni ndani yake: hofu.

"Pua ile naijua, Mwalimu. Ndefu, ina kigongo katikati, ncha imeinama kama inasikiliza mdomo unasema nini. Hakuna mbili mjini hapa. Imenipita sasa hivi kwenye ngazi."

Mwalimu mstaafu akatikisa kopo lake la kumwagilia. "Pumzika, mama. Ni joto hili."

Hawakujua kwamba binti mwenyewe, Mshonaji, yuko nyuma ya mlango uleule waliogombania mbele yake, ameshika kitasa, anapumua kwa mdomo. Mshonaji hakuwa amesafiri popote. Tangu mama yake mdogo alipomrudisha kutoka kliniki, amejifunika mtandio mpaka machoni, hakuvuka kizingiti. Na pua ile hakuwa nayo tena.

Mahali pake palikuwa na gamba gumu la plasta, chini yake shashi yenye doa la damu, na macho mawili yaliyovimba rangi ya bilinganya. Daktari alimweleza yote mapema. Atalala ameegemea mito. Asiiname, asipenge kamasi, akipiga chafya aachame. Ncha ya pua itakufa ganzi, harufu zitampotea kwa muda, uvimbe utaondoka taratibu, na sura yenyewe itachukua hata mwaka kutulia. Miwani isiguse pua mpaka mfupa ushike. Yote yalikuwa vilevile alivyosema. Hakumwambia tu kwamba pua ya zamani itabaki ikitembea koridoni.

Ilikuwa pua ya baba yake, mwanamume aliyetoka kwenda kazini binti akiwa bado ananyonya, asirudi. Mama, mpaka anafariki, akikasirika alikuwa na neno moja tu: "Geuza huko hiyo pua ya baba yako." Binti akageuka, akageuka, akawa mtu mzima anayepiga picha za ubavu mmoja.

Mtu pekee aliyeipenda pua ile alikuwa Fundi Miwani.

Walikutana sokoni mwisho wa mwezi, watu wamebanana, mtu kampiga Mshonaji kiwiko, miwani yake ikaruka. Akabaki amenyoosha mikono hewani kama anayetafuta swichi ya taa. Sauti ya kiume ikasema chini yake, maana mwenye sauti alikuwa amechuchumaa kati ya miguu ya watu: "Dada, usisogee. Umesimama juu ya jicho lako."

Akamshika mkono mpaka kwenye kibanda chake cha miwani, akampima upana wa pua kwa rula ndogo, akapima tena, akapima mara ya tatu.

"Bado hujamaliza tu?" Mshonaji akauliza.

"Nilimaliza ile ya kwanza. Hizi nyingine ni za kwangu."

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoanza. Sasa mtu kama huyo unamwambiaje kwamba unakwenda kuikata? Mshonaji hakuweza. Akamdanganya kwamba ameitwa mji mwingine kushona nguo za harusi.

Jioni ya ugomvi ule simu ikalia.

"Mpenzi, harusi zinaendeleaje huko?"

"Salama tu, kipenzi. Kazi nyingi."

"Mbona sauti imeziba?"

"Mafua."

Fundi Miwani akasema polepole, "Nilipita hapo kwenu leo kumpelekea Mwalimu miwani yake. Nimekukuta kwenye ngazi. Nimekuita, umegeuka, umenitazama kama unayeona ukuta. Ukapanda zako."

Mshonaji akautazama mlango. "Haikuwa mimi."

"Pua ile nimeipima kwa mkono wangu! Kama umenichoka, niambie. Usinipite kama maiti."

"Haikuwa mimi, nakuapia! Mimi…" Akashindwa, akalia, na kulia kukamuumiza mpaka kwenye meno. "Mimi ile pua sina tena. Nimeifanyia upasuaji. Niko ndani, nimefungwa plasta."

Upande wa pili mtu alivuta pumzi. "Kwa hiyo safari ilikuwa uongo."

"Ndiyo."

"Basi nimemwona nani?"

Simu ikakatika, na hakuna aliyejua nani alikuwa wa kwanza kuogopa.

Kesho yake, jua linazama, Mshonaji alifungua mlango kidogo kuchukua chupa ya supu aliyowekewa na mama mdogo. Bila miwani korido ilikuwa ukungu mtupu: milango ilikuwa madoa, maua aliyomwachia Mwalimu yalikuwa moshi wa kijani. Mwisho wa korido, penye ngazi, doa moja lilikuwa limesimama wima. Gauni lake halikuonekana. Mikono yake haikuonekana. Pua ilionekana. Kigongo, ncha iliyoinama, hata lile kovu la tetekuwanga kwenye ubavu wa kushoto, kila kitu wazi kabisa, kama amevaa miwani mipya.

Akafunga mlango kwa mgongo. Supu ikabaki nje.

Alipogongewa hakuitika. Akagongewa tena.

"Ni mimi. Fungua, supu yako inapoa huku."

"Nitajuaje ni wewe?"

"Mwanamke, umesimama juu ya jicho langu."

Akafungua. Fundi Miwani aliingia na shati lake la kazi, mfukoni bisibisi ndogo, akamtazama usoni kwa muda mrefu. Mshonaji akafunika uso kwa viganja.

"Sema. Natisha?"

"Kama mtu aliyepigana na mlango, mlango ukashinda." Hakutabasamu. "Pua ni yako, sikudai. Lakini ule uongo uliniambia mimi, nimelala nao. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza."

"Ningekusindikiza."

Mshonaji akashusha viganja. Akaketi juu ya kitanda kati ya mito. Fundi akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye kitambaa laini: miwani, lakini si kama ile aliyoizoea. Vile vidole vya kukalia pua alikuwa amevitoa. Badala yake alitengeneza kishikizo chembamba cha kubandika kwenye paji la uso kwa utepe wa hospitali, vioo vikaning'inia mbele ya macho bila kugusa kitu.

"Nilipanga mwezi huu nije na pete," akasema, akibandika utepe kwa kidole gumba. "Nimekuja na hii kwanza. Ukishaona vizuri unayemjibu, nitauliza."

"Uliza sasa."

"Wewe huoni haraka hii? Subiri plasta itoke."

"Basi kesho nisindikize. Ndiyo inatoka."

Walikwenda pamoja. Daktari alilowesha gamba, akalivuta taratibu, akampa kioo. Pua iliyokuwamo ilikuwa imevimba, imenyooka, ya kigeni. Alipoigusa ncha, kidole kilihisi pua lakini pua haikuhisi kidole. Ilikuwa kama kugusa mtu mwingine. Mshonaji alingoja furaha aliyoingoja tangu utotoni. Ikaja kidogo, ikakaa pembeni, kama mgeni asiyejua pa kuweka mikono.

Waliporudi Fundi akavaa aproni ya kushonea ya Mshonaji, yenye pini kifuani, akaingia jikoni kupika wali na kuku. "Nikichomwa na pini nakudai mahari," akapaza sauti. Mshonaji alikuwa anacheka, amekishika kinywa ili kicheko kisifike puani, mlango ulipogongwa.

Fundi alifungua akiwa na mwiko mkononi. Mwiko ukaanguka.

Kizingitini alisimama mwanamke wa rika la Mshonaji, gauni la buluu lililokunjamana kwa safari, begi begani, uso uleule, pua ileile. Nyuma yake Mama Redio, beseni lake kiunoni, alikuwa ameshika mkono wa Mwalimu. "Si nilisema? Mwalimu, si nilisema?"

"Samahani, kaka," mgeni akasema. Hata sauti ilitisha kwa kufanana. "Namtafuta dada yangu. Baba mmoja, mama mbalimbali, hatujawahi kuonana. Baba alisema nisihangaike kuuliza, nikimwona nitamjua kwa pua." Akamtazama Mshonaji: uvimbe, michubuko, miwani iliyoning'inia. Akatafuta kwenye uso ule, hakukuta. "Nisameheni. Nimekosea mlango."

Akageuka.

Mshonaji akamwona anaondoka. Angenyamaza tu, baba yake angeondoka pia, safari hii moja kwa moja, kama Mshonaji alivyotaka. Akaangalia ule ubavu wa pua ukigeukia ngazi, jinsi mwenyewe alivyozoea kugeuka akifukuzwa.

"Hukukosea," akasema. "Nilikuwa nayo. Nimeitoa juzijuzi tu."

Mgeni akasimama. Akarudi, akainua mkono, akamgusa dada yake kwenye shavu, chini ya michubuko, akaanza kulia bila sauti.

"Baba yuko wapi?"

"Tumemzika. Aliwahi kuja mpaka hapa, akasimama ng'ambo ya barabara, akaogopa kupanda."

"Na wewe mbona hukuongea? Umepita hapa mara zote hizo, mwenzangu huyu kakuita, jirani kakusalimia."

Mgeni akafuta machozi. "Mimi? Basi limenishusha leo mchana. Jengo hili sijawahi kulikanyaga."

Mama Redio akamvuta Mwalimu mbio mpaka kwake, akafunga mlango. Beseni lililomponyoka likazunguka sakafuni, likatulia. Jikoni kifuniko cha sufuria kilikuwa kinacheza kwa mvuke, na kwa mara ya kwanza tangu kliniki Mshonaji akasikia harufu, nyembamba kama uzi: wali.

Fundi akamwingiza mgeni, akamtua begi, akashika mlango aufunge.

"Uache," Mshonaji akasema. Akamshika mkono. "Na lile swali lako, jibu ni ndiyo. Ongeza sahani."

"Ya mgeni?"

"Ya mgeni, na nyingine."

Fundi akamtazama, kisha akatazama korido, akaenda kabatini bila kuuliza. Mshonaji akasimama kizingitini na miwani yake ya utepe. Korido ilikuwa wazi, taa inawaka, hakuna mtu. Ila kwenye ngazi nyayo zilisikika zinapanda, polepole, zikisita kila hatua, kama za mtu aliyewahi kuogopa kupanda.

"Na wewe huko," akaita, "usisimame nje. Njoo ndani ule."