Minyororo Iliyoachwa Gerejini

Kila Ijumaa asubuhi Taraneh ndiye aliyetumwa kununua mkate wa moto, na kila Ijumaa aliufikisha nyumbani ukiwa umemegwa pembeni. Leo hakuna aliyemkemea. Nyumba nzima ilikuwa mbioni kujiandaa kwenda Dizin, mlimani, kuteleza kwenye theluji.

"Panga mizigo kwenye buti," mama yake, Mahrokh, alimwambia huku akimimina chai kwenye chupa. "Minyororo ya kufunga magurudumu yasiteleze kwenye theluji iweke juu, nisije nikaitafuta kwenye baridi."

Taraneh, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alipanga mbao za kutelezea, viatu na kapu la chakula. Likabaki tyubu kubwa la lori alilotamani kushuka nalo mlimani tangu mwaka jana. Alilisukuma, akalikalia, wapi! Basi akautoa mfuko mzito wa minyororo, akauficha nyuma ya ndoo gerejini. Jua linawaka, alijiambia. Nani ataiulizia?

Walitoka Karaj, mjini kwao, kwa raha. Bibi alikaa mbele akitafuna mbegu za alizeti na kuimba nyimbo za harusi, akikosea maneno kwa makusudi ili mjukuu wake acheke. Lakini walipofika kwenye mkahawa ulio chini ya mlima, mawingu yalikuwa yametanda na theluji inaanguka. Simu ya Mahrokh ikalia. Alikuwa kaka yake, Iraj, aliyetangulia.

"Mjomba wako anasema barabara imekwanguliwa theluji," Mahrokh alisema. "Sijui tufunge minyororo hapa au tuende hivihivi?"

"Twende hivihivi, mama," Taraneh alijibu haraka.

"Huyo Iraj hata akiwa mtaroni atakuambia njia ni nzuri," Bibi alisema.

Mahrokh alicheka. "Haya, tutakwenda polepole. Ikizidi, tutasimama tuifunge."

Barabara ilizidi kupanda, na theluji ikazidi kuwa nene. Kwenye kona moja gari likateleza kuelekea ukingoni, bonde likiwa wazi chini yao. Bibi alikatisha wimbo. Mahrokh hakukanyaga breki kwa pupa. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani kwa utulivu mpaka magurudumu yakashika njia tena. Alipopata mahali papana, akaegesha.

"Sasa tunafunga," alisema, akishika mlango.

"Mama, usishuke," Taraneh alisema. "Minyororo haimo. Niliitoa ili tyubu lienee."

Mahrokh akageuka. "Na kule mkahawani ulijua?"

"Nilijua. Niliogopa tutarudi nyumbani."

"Bora kurudi nyumbani na aibu kuliko kufika bondeni na siri," Bibi alisema.

Mahrokh aligeuza gari, akashuka kwa gia ndogo, taratibu kama anayebeba mayai.

"Mama, hebu imba," alimwambia Bibi mwishowe. "Kimya chako kinanitisha kuliko mlima."

Kando ya mkahawa palikuwa na fundi wa matairi, wakanunua minyororo kwake. "Aliyeitoa ndiye atakayeifunga," Mahrokh alisema. Alimwelekeza binti yake jinsi ya kuitandaza, kuivuta juu ya gurudumu na kunasa ndoano. Taraneh alipiga magoti kwenye theluji, vidole vikamfa ganzi. Bibi alimshikia mwavuli na kutoa amri.

"Vuta kulia. Si huko, kulia!"

"Bibi, umewahi kufunga minyororo?"

"Sijawahi. Lakini kuamrisha nimeamrisha miaka mingi."

Wote watatu wakacheka. Waliendesha kidogo, wakashuka wakaikaza tena, kisha wakapanda wakiacha nafasi kubwa nyuma ya basi lililowatangulia. Walipofika, Mjomba Iraj alisema alidhani wamelala njiani.

"Tulikuwa tunafundisha fundi mpya," Bibi akamjibu.

Taraneh aliteleza juu ya tyubu lake, akaanguka, akainuka, akaanguka tena hadi theluji ikamjaa shingoni, na kila mara alicheka zaidi. Alasiri walikaa juani wakinywa supu nzito ya maharage.

"Kusahau minyororo, hata mimi ningeweza," Mahrokh alisema. "Lakini dereva huendesha kwa yale anayoyajua. Ukinificha jambo, umenifunga macho nikiwa nimeshika usukani. Ulisema ukweli ukiwa umechelewa, lakini ulisema, ndiyo maana tuko hapa. Siku nyingine usingoje kona ikutishe."

"Nimekuelewa, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu kule chini." Mahrokh alisimama, akavaa glavu zake. "Haya, mteremko wa mwisho kabla giza halijaingia. Na huko mteremkoni, nakuonya, sitakusubiri."