Abiria Asiyekula Mafuta

Asubuhi hiyo ya mwaka wa 1972, uwanja mdogo wa ndege wa mashamba ya chai ya Kericho ulijaa watu kama soko la Sosiot. Mameneja walikuwa wanakwenda mkutano Nairobi, na wapagazi walipishana na masanduku yao. Kemuma, binti wa Kikisii aliyekuwa akipokea simu katika ofisi ya uwanja, alikuwa ndani ya gauni la manjano lililomkaa vizuri kiunoni. Alikuwa ndiyo kwanza amefunua bakuli lake la chakula, kijana mrefu mwenye suti ya kijivu akainama dirishani.

“Samahani, dada. Hapa mtu anaweza kupata chakula kisicho na mafuta? Ndege iko karibu kuondoka, na kantini wana mandazi na soseji tu.”

“Mandazi yamekukosea nini?”

“Tumbo langu na mafuta ni paka na panya.”

Kemuma alicheka. Akamgawia ndizi za kuchemsha, mboga za managu juu yake, na kikombe cha maziwa. Kijana alikula amesimama, haraka lakini kwa adabu.

“Naitwa Kipkosgei. Napeleka sampuli za chai Nairobi kila Jumanne. Nani alikufundisha kupika hivi?”

“Njaa,” Kemuma akajibu, na kijana nusura apaliwe na maziwa.

Tangu hapo, kila Jumanne Kemuma alipika cha watu wawili. Jioni simu ingelia kutoka Nairobi.

“Umefika salama?”

“Tumbo limefika. Moyo umebaki dirishani kwako.”

“Basi njoo uuchukue, unanijazia ofisi.”

Mapenzi yakakolea. Halafu ikaja Jumanne moja ya mvua. Kemuma alikuwa ameamka alfajiri kumchemshia viazi vitamu na kunde. Kipkosgei alipokea bakuli, akasema asante bila kumtazama usoni, akaondoka. Kupitia dirishani, Kemuma alimwona akimkabidhi mpagazi Okeyo bakuli lile. Okeyo alichuchumaa kando ya mkokoteni, akala mpaka akalamba vidole.

Uso ulimwaka Kemuma. Kumbe alikuwa akimhangaikia mtu anayekidharau chakula chake.

Jioni simu ililia. “Kemuma, mpenzi, nisikilize kidogo—”

“Umekosea namba, bwana,” akasema, akakata.

Jumanne zilizofuata, sampuli zililetwa na mzee Nyaberi. Kemuma alijiambia heri hivyo, lakini kila ndege ilipotua, shingo yake ilirefuka yenyewe. Mwishowe uzalendo ukamshinda.

“Mzee, yule kijana alifukuzwa kazi?”

“Kwani hujui? Kipkosgei alipasuliwa Nairobi. Vidonda vya tumbo. Siku ile aliyosafiri mara ya mwisho, daktari alikuwa amemkataza kula, hata maji.”

Kemuma alikaa kitini polepole. Kisha akashika simu, akaomba aunganishwe na hospitali aliyolazwa, akambembeleza nesi mpaka mgonjwa akaletwa.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Niliogopa,” sauti ya Kipkosgei ilikuwa nyembamba. “Baba yangu aliingia chumba cha upasuaji, hakutoka hai. Sikutaka uanze kunililia mapema.”

“Na chakula changu ukampa Okeyo.”

“Ningekirudisha, ungeniuliza. Ningekitupa, Mungu angeniuliza.”

Kemuma alicheka huku machozi yakimtoka. “Nisamehe, Kip. Nilikukatia simu ukiwa unakwenda kupasuliwa.”

“Nimekusamehe. Lakini usikate tena, mpenzi. Hapa nesi ni mkali, kunileta kwenye simu mara ya pili hatakubali.”

Alirudi kwa ndege mwezi wa Agosti, suti ikimning'inia kama ya kuazima. Kemuma aliacha meza yake, akatoka mpaka kwenye nyasi, mbele ya mameneja na wake zao, akamshika mkono.

“Baba yako atamkubali Mkipsigis mwenye kovu tumboni?” Kipkosgei akauliza.

“Kovu halina neno. Atataka kujua kama unasema ukweli.”

“Utamwambiaje?”

“Kwamba unajifunza.”

Desemba, wazee wa Chepseon, kwao Kipkosgei, walipanda Land-Rover kwenda Nyamira, kwao Kemuma, kuposa. Gari lilizama matopeni karibu na boma. Wakafika kwa miguu, viatu mkononi, na mama yake Kemuma akawapokea kwa kicheko na maji ya moto ya kunawa miguu.